Kitufe cha Kulia

Mama lishe wa pale Kasumulu, mpakani, hana orodha ya vyakula iliyoandikwa. Ukiketi kwenye benchi lake anatazama sufuria zake, anakutazama na wewe, kisha anasema: kuna wali kwa usipa, kuna wali kwa maharage, ndizi zimekwisha. Hoteli kubwa za mijini ni kinyume chake. Huko unaletewa kitabu chenye jalada la plastiki, kurasa sita za majina ya vyakula, na kila unachokitaja mhudumu anakujibu kwa adabu kwamba leo hakipo.

Kompyuta nayo inazo orodha za namna hizi mbili. Ile iliyopangwa juu ya kioo, ambayo ukiigusa inashuka kama pazia, ni ya hoteli: imekusanya kila kitu ambacho programu inaweza kufanya, kifae au kisifae kwa wakati huo. Nyingine haionekani kabisa mpaka uiite. Unapeleka kishale juu ya kitu fulani, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, na papo hapo orodha fupi inachomoza pale pale ulipoelekeza. Wataalamu wa lugha wameipa jina la menyu ibukizi, na mimi naona ni jina zuri, maana kweli huibuka kama samaki anayekuja juu kuvuta hewa. Kabla ya kuibuka, programu hujiuliza kwanza kishale kiko juu ya nini: ni neno, ni picha, ni chumba cha jedwali, au ni mahali patupu? Ikishajua, hupanga maneno yanayohusu kitu kile tu. Yale yasiyowezekana kwa wakati huo huyaacha, au huyaonyesha kwa rangi hafifu.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza mzee wa miaka sabini na ushee, aliyekula chaki maisha yake yote, anatafuta nini katika mambo ya vitufe. Nami ningekuwa upande wako, kama nisingaliona kwa macho yangu jinsi orodha hiyo fupi ilivyokaribia kumharibia jina binti mmoja mwalimu.

Kizazi changu hakikukua na vyombo hivi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nami nilikuwa bado mwanafunzi. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana wa Daraja la A, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona fedha nyingi zimeteketea na hesabu hazikunyooka. Zuio lile lilikuja kulegezwa baadaye, lakini kwa sisi wa huku ziwani halikutupunguzia wala kutuongezea kitu, kwa sababu chombo cha juu kabisa tulichokuwa nacho shuleni kilikuwa mashine ya stensili yenye kutapakaza wino hadi kwenye kola za mashati.

Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wameshafika mbali. Desemba 1968 Mmarekani Douglas Engelbart aliwaonyesha watu kule San Francisco kipanya kilichoongoza alama kwenye kioo. Katika miaka ya 1970, mafundi wa kampuni ya Xerox kule Palo Alto walitengeneza mfumo ulioitwa Smalltalk, na humo ndimo orodha zilipoanza kuibuka chini ya kishale. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuja na kipanya cha kitufe kimoja tu, waundaji wake wakiamini kwamba vitufe viwili vitamchanganya mtu. Kisha mwaka 1995 ikatoka Windows 95, na kubofya kulia kukaenea duniani kote. Mwaka huo mimi nilikuwa ofisini kwangu nikigawa madaftari ya mazoezi, daftari moja kwa watoto wawili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa mwaka 2017, nikiwa nimestaafu. Katika tambarare hii yetu, kati ya mji wa Kyela na ziwa, ipo shule moja ya sekondari ya kata ambayo sitaitaja. Ilikuwa na kompyuta mbili kuukuu za msaada, zenye mfumo huria wa familia ya Linux, na katika moja ya hizo ndimo zilimotunzwa alama za wanafunzi. Mtunzaji alikuwa binti wa jirani yangu, mwalimu wa mwaka wa pili kazini, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Basi alama zikaanza kupotea. Si zote, moja hapa, mbili pale. Jioni jedwali linafungwa likiwa limejaa, asubuhi linafunguliwa lina mashimo. Kilichowasha moto ni kwamba mtoto mmoja wa Kidato cha Pili alipoteza alama tatu, na familia ya mtoto huyo ilikuwa na ugomvi na familia ya mwalimu kuhusu mpaka wa shamba la kakao. Watu wa huku mnawajua. Hakuna aliyeuliza kompyuta inafanyaje kazi. Ilisemwa tu kwamba binti anafuta alama kwa chuki, na mkuu wa shule akaanza kuandaa barua ya kumshtaki kwa mwajiri.

Alikuja kwangu saa za jioni, mvua za masika zikiwa zimeifanya njia yote kuwa matope. Alipiga magoti kunisalimu kama ilivyo desturi ya Wanyakyusa, kisha akakaa kimya muda mrefu.

"Tata," akasema, "sijafuta kitu. Lakini alama zinatoka mikononi mwangu. Hilo siwezi kulikana."

Nilipenda alivyosema. Mtu anayedanganya angesema alama zimefutwa na mwingine.

Chuoni, tulipokuwa tukijifunza ualimu, mkufunzi wetu wa hisabati alikuwa na mtindo mmoja ambao nimeutumia hadi kustaafu. Aliandika ubaoni: hamsini na mbili kutoa ishirini na saba, jibu thelathini na tano. Akatuuliza, mtoto huyu ana kasoro gani? Sisi tukajibu, mzembe, hajui kutoa. Akasema hapana, huyu anajua kutoa vizuri sana, ila ameshika kanuni mbovu: katika kila safu anatoa ndogo kutoka kubwa, hajali ipi iko juu. Saba kutoa mbili, tano; tano kutoa mbili, tatu. Ukimchapa atarudia kosa lile lile kesho, kwa sababu hukugusa lilipo. Mwambie afanye hesabu mbele yako kwa sauti, nawe unyamaze utazame mkono wake.

Kesho yake nikaenda shuleni na daftari na kalamu. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya saa mbili, naye akanipa kwa heshima ya mvi zangu kuliko kwa imani. Nikamwambia binti: keti, fungua jedwali jipya lisilo na jina la mtu, jaza namba, kisha fanya kazi yako kama unavyoifanya kila siku. Nami nikaketi nyuma ya bega lake, nikawa naandika kila kitendo: amebofya kushoto, ameandika, amebofya kulia.

Swali la kwanza lilikuwa hili: kwa nini anabofya kulia? Akanieleza kwamba kila mwanafunzi mwenye jambo la pekee, aliyefanya jaribio kwa kuchelewa au aliyesahihishiwa alama, anamwekea maelezo mafupi ndani ya chumba cha alama, na njia aliyofundishwa ni kubofya kulia na kuchagua kuweka maelezo. Nikamwuliza kuhusu yule mtoto wa jirani. Akasema, huyo aliugua malaria wiki ya majaribio, akafanya masomo matatu nyuma ya wenzake. Masomo matatu, maelezo matatu, alama tatu zilizopotea! Tuliangalia majina mengine yenye mashimo. Kila mmoja alikuwa na maelezo aliyokusudia kumwekea. Chuki ya mpaka wa shamba haikuwa na kazi hapo. Mkono wa mwalimu ulikuwa umepita mara nyingi zaidi mahali palipostahili huruma.

Hiyo ilinionyesha mahali pa kutazama, lakini haikunipa sababu. Nikamwambia abofye kulia mara ishirini, polepole, bila kuchagua chochote. Mara nyingi orodha ilichomoza ikatulia, kama ilivyopaswa. Lakini mara tatu ilimweka kidogo kama umeme wa radi na kuzimika, na chumba kikabaki kitupu. Yeye mwenyewe alishtuka. Siku zote alidhani orodha imekataa kufunguka, akawa anabofya tena, orodha inakuja, anaandika maelezo yake na kuendelea, bila kugundua kwamba tarakimu imeshaondoka.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo watu wengi wanaotumia kompyuta kila siku hawalijui. Kubofya si tendo moja bali mawili: kubonyeza na kuachia. Katika Windows, orodha huchomoza unapoachia. Katika Macintosh na katika mifumo mingi ya Linux, huchomoza pale unapobonyeza, kabla hujaachia. Sababu yake ni nzuri: mtu aweze kubonyeza, kuburuta kishale hadi kwenye neno analolitaka akiwa bado ameshikilia, kisha aachie hapo hapo. Kwa mfumo wa namna hii, kuachia ni kuchagua. Ili kumlinda mtu asichague bila kukusudia, programu hupuuza ule mwachio wa haraka ambao kishale hakikusogea. Ukishikilia kidogo, kishale kikateleza hata kwa upana wa unywele, ulinzi ule unaisha. Na kwa kuwa orodha hujipanga pembe yake ikiwa kwenye ncha ya kishale, kuteleza kidogo tu kwenda chini na kulia kunakuweka juu ya neno la kwanza.

Katika jedwali lile neno la kwanza lilikuwa la Kiingereza lenye maana ya kata. Tena ziko programu za majedwali ambamo ukikata, tarakimu hubaki pale pale ikizungukwa na mstari unaochezacheza, mpaka utakapoibandika kwingine. Ile ya shuleni haikuwa hivyo. Ulipokata, tarakimu iliondoka papo hapo. Ipo amri ya kutendua, kweli, lakini huwezi kutendua jambo usilojua kwamba limetendeka, na jedwali likishafungwa jioni, kesho kumbukumbu ya matendo ya jana haipo.

Binti alikuwa amejifunzia kompyuta kwenye mashine za Windows, kwa hiyo mkono wake ulizoea kubonyeza na kungoja. Kitufe cha kulia cha kipanya kile kilikuwa kimechoka, kigumu, kinahitaji kidole chenye nguvu, na kidole chenye nguvu husukuma kipanya kizima. Juu ya hayo, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, king'aavu, bila shaka kwa nia ya kuipendezesha ofisi. Vipanya vya mwanga husoma mabadiliko ya uso wa meza, na uso unaong'aa huvichanganya, kishale kikarukaruka chenyewe. Mambo matatu madogo, kila moja peke yake halina madhara ya kusemwa.

Kulijua hilo moyoni mwangu hakukutosha. Nilitaka kuvitenganisha, kimoja kimoja, kama tulivyofanya katika majaribio ya sayansi ya darasa la sita, mche wa maharage kwenye giza na mche kwenye mwanga. Tukaondoa kitambaa, tukaweka kipande cha boksi la kadi. Katika mabofyo ishirini, tarakimu moja ikapotea. Tukarudisha kitambaa lakini tukatumia kipanya cha kompyuta ya pili, kilicho chepesi: haikupotea hata moja. Tukaweka vyote viwili, boksi na kipanya chepesi: hakuna. Mwisho nikamfundisha kuita orodha bila kipanya kabisa. Kwenye kibodi nyingi, karibu na kitufe cha Control cha kulia, kipo kitufe chenye picha ya orodha ndogo. Kisipokuwapo, ushikilie Shift na kubonyeza F10. Orodha inachomoza hapo ulipo na haiondoki mpaka uchague kwa mishale, au uifukuze kwa Escape. Hakuna kuachia wala kuteleza.

Ndipo nikamwomba mkuu wa shule amwite mwalimu wa hisabati, ambaye ndiye aliyekuwa akisema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba binti ni mhalifu. Alikuja na uso wa kazi. Nikamkalisha kwenye kiti kile, kipanya kile kile kigumu, kitambaa kile kile chenye maua, nikamwomba abofye kulia mara ishirini. Sikumweleza kitu. Kwenye bofyo la saba tarakimu ikatoweka. Akatazama kioo, akanitazama, akasema labda amegusa vibaya. Nikamwambia aendelee. La kumi na nne likaondoka na jingine.

"Na wewe, Mwalimu, una shamba la kakao jirani na mtu?" nikamwuliza.

Huo ulikuwa utani wa kizee, na nadhani haukumpendeza. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu akishaona jambo linarudiwa mbele yake hana pa kukimbilia. Ni yeye mwenyewe aliyependekeza walinganishe jedwali na madaftari ya alama ya walimu wa masomo, ambayo kwa bahati yalikuwa yamehifadhiwa kabatini. Mashimo yote yalijazwa kabla ya saa kumi.

Nimewahi kuulizwa kwa nini sikuita fundi kutoka Mbeya. Fundi angekuja, angefuta kila kitu na kuweka mfumo upya, tatizo lingebaki mezani chini ya ua la plastiki, na binti angebaki na jina lake jipya. Sisemi hivi kuwadharau mafundi. Nasema kwamba mashine iliyoharibika na mtu anayeshukiwa ni kesi mbili, na fundi hulipwa kwa moja tu.

Jambo jingine lililonisumbua ni lugha. Wapo waliojitahidi: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice, na Microsoft nao wakatoa Windows ya Kiswahili. Ndipo maneno kama faili, hariri, nakili, bandika na tendua yalipopata makao kwenye kioo. Lakini mashine za msaada huja na lugha ya mwenye kutoa msaada. Lile neno la kwanza lililomweka na kuzimika lingekuwa la Kiswahili, huenda binti angelinasa kwa jicho hata kwa nusu sekunde, kama unavyosikia jina lako likitajwa katikati ya kelele za mnada. Neno la kigeni lina hatua moja zaidi ya kusafiri, na muda haukuwapo.

Tangu siku hiyo vijana hunijia na orodha zao zilizogoma, nami si fundi. Nyingi si ugonjwa. Maneno yaliyofifia si mabovu. Ina maana hujachagua kitu cha kukata au hujanakili cha kubandika. Orodha inayofungukia kushoto badala ya kulia, kwenye Windows, mara nyingi ni mashine iliyodhani inatumiwa kwa kidole kwenye kioo, ikahamisha orodha ili mkono usiifunike; upo mpangilio wa kuchagua mkono. Orodha ya faili inayochelewa kuchomoza, mtu akahesabu hadi kumi, kwa kawaida imelemewa na programu ngeni ambazo kila moja imejiwekea neno lake humo, ondoa usizozitumia. Hilo la kulemewa huwa linawashangaza, maana hakuna aliyemkaribisha mgeni hata mmoja.

Mkuu wa shule hakumwomba radhi mtu yeyote. Barua ilichanwa, na hiyo ndiyo lugha aliyoiweza. Mama wa yule mtoto alipewa alama zote tatu zilizoandikwa kwenye karatasi na kupigwa mhuri. Alizisoma, akauliza kama mashine ile itakuwapo tena muhula ujao, akaambiwa itakuwapo ila kipanya kimetupwa. Shauri la mpaka liliendelea kivyake hadi baraza la kata.

Binti alikuja nyumbani jioni ile na kikapu cha mchele mpya. "Ndaga fijo, tata," akasema. Nikamwambia mchele naupokea, lakini kuanzia sasa kila Ijumaa achape jedwali kwenye karatasi, walimu wa masomo watie sahihi, nakala moja ikae kabatini na nyingine kwa mkuu. Alifanya hivyo muda wote aliokuwa pale, kabla hajahamia shule nyingine upande wa Ipinda. Kipanya kile hakikutupwa. Niliwaomba wanipe, na ninacho kwenye mtoto wa meza pamoja na mabaki ya chaki. Kitufe chake cha kulia bado ni kigumu vile vile.